Mshauri asiyeuza kitu: nyumba za etaje za Grenoble, na sisi wa kampi



Mwezi wa sita na wa saba, sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunajua baridi. Asubuhi mtu anatoka na koti mbili, mama anawasha mbabula, mfuko wa makala unapanda bei. Lakini baridi yetu inakuwa na huruma: saa ine jua linapanda, koti inatoka. Kule Grenoble, katika Ufaransa, ambako mudogo wangu wa kike anaishi tangu miaka kumi na mbili, baridi inaingia mwezi wa kumi na moja na inakaa sawa mgeni asiyejua kuaga. Mji ule uko chini, na milima ya Chartreuse, Vercors na Belledonne imeuzunguka pande zote.

Mudogo wangu anafanya kazi ya kutunza wazee. Alikopa feza ya banki, akanunua apartema ya vyumba viwili katika nyumba ya etaje sita, iliyojengwa miaka ya 1960. Apartema makumi ine, ngazi moja, shofaje moja ya gazi kwa wote. Siku moja mangaribi alinipigia simu, sauti imebadilika.

"Yaya, barua imefika. Banasema tutengeneze nyumba yote, kuta na paa. Sehemu yangu ni euro elfu makumi mbili. Hiyo feza nitaitosha wapi? Wewe uko mtu wa sendika, nifundishe namna ya kukataa."

Kukataa, hiyo ninajua. Nimekuwa delege wa wafanyakazi karibu miaka kumi na tano. Nikamwambia: "Tuma karatasi zote. Mtu hakatai kitu asichosoma." Akatuma picha kwa simu, nikasoma usiku tatu. Leo ninataka kuwaeleza nilichokuta, kwa sababu nilianza na hasira na nikamaliza na wivu.

Wenye nyumba nao wako na sendika

Jambo la kwanza lilinichekesha. Katika sheria ya Ufaransa ya tarehe 10 Julai 1965, watu wote wenye apartema katika nyumba moja wanafanya kundi moja, na jina la kundi hilo ni "syndicat". Ndiyo, sendika! Kila mwenye apartema ni memba, apende asipende. Yule anayelipwa kuongoza mambo ya nyumba anaitwa "syndic". Kuko asamble kubwa walau mara moja kwa mwaka, kuko kura, kuko ripoti.

Lakini kura zao haziko sawa na zetu. Kwetu mtu mmoja, kura moja. Kwao kura inafuata ukubwa wa mali: nyumba inagawanywa sehemu elfu kumi, kwa mfano, na mwenye apartema kubwa iko na sehemu nyingi. Mupangaji, hata akiishi pale miaka makumi mbili na kulipa gazi kila mwezi, hana kura. Anayesikia baridi na anayepiga kura pengine ni watu wawili tofauti. Shikeni hilo, tutarudi kwake.

Juu ya nini nyumba hizi ni baridi?

Kisha vita ya 1945, Ufaransa ilijenga mbio. Watu walikosa mahali pa kulala, basi beto ikamwagwa, etaje juu ya etaje. Gazi, mafuta na makaa ya mawe vilikuwa bei rahisi; hakuna aliyefikiri kuvika ukuta nguo. Karibu na Grenoble, kilometa makumi ine hivi upande wa kusini, kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe wa La Mure. Wachimbaji wenzetu walishuka chini pale mpaka ulipofungwa mwaka wa 1997. Kanuni ya kwanza ya Ufaransa juu ya joto katika nyumba mpya ilikuja mwaka wa 1974 tu, kisha bei ya mafuta kupanda mwaka wa 1973. Kwa hiyo nyumba zote za kati ya 1945 na 1974 zilizaliwa uchi.

Joto linatokea wapi? Linapita katika ukuta, katika paa, katika madirisha, katika sakafu iliyo juu ya pango la chini. Mwenye etaje ya juu analipa joto linaloruka katika paa. Mwenye etaje ya chini anapasha joto pango. Aliye katikati anapashwa na majirani, anasema: "Mie niko sawa, shida iko wapi?" Nyumba moja, baridi tatu. Mnaona sasa kwa nini asamble inakuwa na kelele.

Tena hakuna anayeweza kujiponya peke yake. Mudogo wangu alikuwa amekwisha kuweka madirisha ya vioo viwili kwa feza yake. Baridi ilipungua kidogo, lakini unyevu ukaanza kutoka nyuma ya kabati, ukuta ukawa mweusi. Hewa ya zamani ilikuwa inapita katika madirisha mabovu. Alipoyaziba, hewa ikakosa njia. Ukiziba, lazima ufungue mahali pengine pa kupumulia, na bomba za hewa zinapanda nyumba yote kutoka chini mpaka juu. Ukuta wa nje, paa, bomba: hivyo ni vya wote. Lazima wote wapige kura.

Asamble ya kwanza: kila mtu na woga wake

Katika asamble ya kwanza, syndic alileta devi ya kampuni moja tu, kurasa sita, akasema: "Pigeni kura." Sheria inaomba kwa kazi za namna hiyo zaidi ya nusu ya sehemu zote za nyumba, si za waliokuja tu. Katika sehemu 10,000, waliosema ndiyo walipata 2,900. Ikaanguka. Mudogo wangu naye alisema hapana. Mie ndiye nilimfundisha.

Mzee mmoja wa etaje ya chini, wa miaka makumi munane na moja, alisimama akasema: "Mie nitakufa kabla deni haijaisha." Bwana mwingine anayepangisha apartema tatu, na mwenyewe anakaa mji wa mbali, hakuja hata. Mama mmoja akasema mtu alimpigia simu kumwahidi kazi ya euro moja, kwa nini hapa wanaomba elfu makumi mbili?

Huyo mama hakuwa mujinga. Ilikuwako kweli msaada wa namna hiyo, kazi ya "euro moja", uliokwisha mwaka wa 2021. Nyuma yake waliingia wezi wengi: wanapiga simu, wanasema wametumwa na serikali, wanamwaga kitu chembamba juu ya paa, wanaondoka. Ilifika hatua sheria ya tarehe 24 Julai 2020 ikakataza kabisa kuuza kazi hizo kwa njia ya simu. Kwa hiyo asamble ilikuwa na watu makumi ine wanaoogopa, devi moja, na hakuna hata mtu mmoja mule ndani wa kuaminika. Mimi ningepiga hapana tena.

Mtu wa biro anafika mangaribi

Kisha asamble, mwalimu mmoja wa etaje ya tano alienda kuuliza kwenye biro ya mji inayoitwa Agence locale de l'énergie et du climat. Wao wanasema ALEC kwa kifupi. Ile ya Grenoble ilianza mwaka wa 1998. Miji mingine iko na za kwao: Paris iko na Agence Parisienne du Climat tangu 2011. Na tangu mwanzo wa 2022 biro za ushauri za nchi yote ziko chini ya jina moja, France Rénov', linaloongozwa na shirika la serikali la nyumba, Anah.

Biro ile inafanya nini? Ninawaambia kwanza kile isichofanya. Haiuzi madirisha. Haiuzi shofaje. Haichagui kampuni kwa nafasi ya wenye nyumba, haigusi feza yao, haipigi kura. Mshauri analipwa na feza ya watu wote, na mwenye nyumba anamuuliza bila kulipa. Hapo ndipo nguvu yake inatoka: hana kitu cha kupata wewe ukisema ndiyo, hana cha kupoteza ukisema hapana.

Mshauri wa nyumba ya mudogo wangu alikuwa kijana wa kike. Alikuja saa moja ya mangaribi, wakati watu wametoka kazini, akakaa nao katika chumba cha baiskeli kwa sababu hakukuwa pengine. Hakuanza na bei. Alianza na fakture za gazi za miaka mitatu, akaomba kila mtu aseme anasikia baridi wapi. Akapanda etaje zote. Kisha akawaonyesha njia, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: kupima. Injinia asiye wa kampuni ya kazi anapima nyumba yote na kuleta programu mbili au tatu za kuchagua, kila moja na bei yake na faida yake. Hatua ya pili: mpango. Mwanzo ni kuvika nyumba, mwisho ni kubadilisha shofaje. Ukinunua shofaje kubwa mbele, utakuwa umenunua kitu cha kupasha joto barabara. Hatua ya tatu: feza, kwa kila familia, mlango kwa mlango. Hatua ya ine: kuandika maneno ya kura vizuri, kwa sababu kura iliyoandikwa vibaya inaweza kuvunjwa mbele ya juji. Hatua ya tano: kulinganisha devi za kampuni zilizo na kibali kinachoitwa RGE, bila hicho msaada wa serikali hautoki. Na kazi ikiisha, kufuata fakture kuona kama gazi imepungua kweli.

Mji wenyewe ulikuwa umejifunza hiyo kazi zamani. Tangu 2010, mji wa Grenoble na miji jirani iko na kampeni inayoitwa Mur|Mur, ya nyumba za etaje zilizojengwa kati ya 1945 na 1975 hasa. Kwa hiyo kijana yule aliweza kusema: "Nendeni mutazame ile nyumba ya ng'ambo ya barabara. Ulizeni wenyewe." Wakaenda. Jirani akawaonyesha fakture yake. Ndugu, hakuna karatasi ya serikali inayoshinda fakture ya jirani.

Hesabu ya mudogo wangu

Sasa tufungue ile elfu makumi mbili iliyomtia woga. Mshauri alikaa naye nusu saa na kalamu.

Tangu 2024, msaada unaoitwa MaPrimeRénov' Copropriété unalipa 30 kwa mia ya kazi kama nyumba itapunguza nishati kwa 35 kwa mia au zaidi, na 45 kwa mia kama itapunguza nusu au zaidi. Hesabu inafanywa juu ya euro 25,000 kwa kila apartema, haipiti pale. Familia yenye mushahara mdogo inaongezewa euro 1,500, na ile yenye mushahara mdogo sana, 3,000.

Wakachagua programu kubwa, ile ya kupita nusu. Katika euro 20,000, msaada ni 9,000. Mudogo wangu anaongezewa 1,500. Inabaki 9,500. Kuko mkopo bila faida, unaochukuliwa na wote pamoja: 9,500 kwa miaka kumi na tano ni karibu euro 53 kwa mwezi. Upande mwingine, fakture yake ya joto itapungua. Haitapungua euro 53, tusidanganyane. Mshauri mwenyewe alimwambia hivyo. Kila mwezi atatoa kitu mfukoni. Lakini atakaa katika nyumba ya joto, ukuta hautakuwa mweusi, na apartema haitapoteza bei.

Alinipigia tena: "Yaya, sasa ninaelewa. Sijasema ni rahisi. Ninasema ninaelewa." Maneno hayo yalinigusa, kwani wafanyakazi nao waliniambia hivyo siku tulipowasomea mkataba wa kazi katika Kiswahili, mstari kwa mstari.

Na yule bwana wa apartema tatu? Yeye hakuguswa na baridi, aliguswa na sheria. Kila nyumba Ufaransa inapewa herufi, toka A mpaka G, kufuata nishati inayokula. Kwa sheria ya tarehe 22 Agosti 2021, nyumba ya G haiwezi kupangishwa kwa mkataba mupya tangu tarehe 1 Januari 2025. F itafuata 2028, E itafuata 2034. Nyumba yao ilikuwa F. Bwana akafanya hesabu yake, akatuma kura kwa posta: ndiyo.

Asamble ya pili ilifika. Ndiyo: sehemu 4,600. Hapana: 3,500. Wengine hawakuja. Nusu ya 10,000 haikufika. Lakini sheria inasema: kama ndiyo imepita moja kwa tatu, mnaweza kupiga kura tena palepale, na safari hii inatosha kupita wale waliosema hapana. Mwaka wa kwanza hawakufika hata moja kwa tatu. Safari hii walipita, na syndic alikuwa ameandika kura hiyo ya pili katika barua ya mwito, kwa sababu mshauri alimkumbusha. Kazi ikapita.

Mzee wa etaje ya chini alipiga hapana mpaka mwisho. Hiyo ni haki yake. Lakini mshauri alikuwa amempitia nyumbani, akamjulisha kwamba yeye ataongezewa 3,000, na kwamba sakafu yake ndiyo ya kwanza itakayovikwa. Aliyeshindwa katika kura lazima atunzwe sawa aliyeshinda. Ni kanuni ya sendika, na nilifurahi kuikuta kule.

Si mbinguni

Nisiwadanganye. Tangu simu ile ya kwanza mpaka leo imepita miaka miwili, na bado hakuna hata ngazi ya kazi iliyosimamishwa penye ukuta. Kanuni za msaada zinabadilika mara kwa mara; familia inaweza kupanga hesabu mwaka huu, mwaka unaokuja serikali inahesabu ingine. Washauri ni wachache, nyumba ni nyingi. Na mupangaji bado hana kura. Kama ningekuwa kule, ningegombania hilo la mwisho.

Na sisi?

Mtaniuliza: sisi wa kampi tuna kazi gani na shofaje ya Wazungu? Sikilizeni.

Zamani kidogo, katika kampi moja ya hapa kwetu, sisi wa sendika tulishinda jambo: kampuni ikubali kutoa feza ya kutengeneza nyumba za wafanyakazi. Tulicheza siku hiyo. Nyumba zile zilikuwa za mapacha, familia mbili chini ya paa moja la manjanja. Feza ilitolewa kwa kila mutu kivyake, mkononi. Mmoja alibadilisha manjanja ya upande wake. Jirani yake alilipa masomo ya watoto, simhukumu. Mvua ya kwanza ilipofika, maji yaliingia penye manjanja mapya yanapokutana na ya zamani, na yakaangusha ukuta wa katikati, ule wa wote wawili. Familia zile zilikosana. Mie ndiye niliandika mkataba, na sikufikiri hata mara moja kuomba mtu wa kupima, mtu wa kukaa na wale wawili mangaribi, mtu asiyeuza manjanja. Tuliomba feza peke yake. Kwa hiyo niliposema nimemaliza na wivu, wivu wenyewe ni huo.

Shaba yetu inaingia katika waya na bomba za shofaje mpya zinazowekwa kule. Sisi tuko na courant inayokatika, manjanja yanayochoma mchana na kugandisha usiku, na majirani wanaogawana paa, kisima, mfereji na kabine ya umeme. Kila siku mutu anapita na pano za jua, anasema ni za Ulaya, hakuna wa kumwambia mama kama ni kweli. Hatuhitaji biro kubwa yenye vioo. Meza moja penye komine, tekinisia mmoja anayejua nyumba, anayelipwa asipokee kitu kwa muuzaji, na siku mbili kwa wiki anafika mangaribi katika kartie. Mafundi wa kampuni waliokwenda pansio wamejaa, na wanajua kila mjengo wa kampi hizi kwa kichwa.

Tunapokwenda tena kuzungumza mkataba wa kazi, na sehemu ya nyumba ikifika, mie nitaomba mambo mawili kwa pamoja: feza, na mtu wa kutusaidia tuitumie pamoja. Mudogo wangu alitaka nimfundishe kukataa. Yeye ndiye alinifundisha kuuliza. Wenzangu wa sendika, lipelekeni neno hili katika asamble zenu kabla mvua haijarudi.